Foleni ya Amani Nje ya Chumba Namba 2172

Kosa lilikuwa langu, na nililipia kwa miguu. Asubuhi ya tarehe 17 Aprili 2013 nilisimama mbele ya jengo la Dirksen mjini Washington, nimevaa suti niliyoshona kwa ajili ya harusi ya binti yangu na viatu ambavyo havijawahi kutembea zaidi ya hatua za kutoka kwenye gari hadi mlango wa kanisa, nikamweleza askari kwamba nimekuja kumsikiliza Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani wa wakati ule, John Kerry, atakapohojiwa na kamati kuhusu amani ya Waisraeli na Wapalestina. Askari alinitazama kwa huruma, akasema kikao cha hapa ni cha kesho. Leo waziri yuko kwa wenzao, upande wa pili wa kilima, jengo la Rayburn.

Sisi tuliozoea Bunge moja tu, lile la Dodoma, hatufikirii kwamba waziri mmoja anaweza kuhojiwa mara mbili kwa jambo lile lile. Kumbe Seneti ina kamati yake ya mambo ya nje na Baraza la Wawakilishi lina yake, kila moja na jengo lake, mwenyekiti wake na wivu wake, na kati yao limekaa jengo kubwa la Bunge lenye kuba jeupe. Binti wa kaka yangu, aliyenikaribisha kwake Silver Spring, pembezoni mwa Washington, alikuwa ameniambia, "Baba mdogo, shuka Union Station, huwezi kupotea." Kwa upande wa kushuka alisema kweli. Jambo ambalo hakuniambia ni kwamba wakati ule mwenye tiketi ya karatasi kwenye treni zao alitozwa dola moja zaidi kila safari kuliko mwenye kadi ya plastiki. Kwa siku kumi nilizokaa nilikuwa nimelipa karibu dola ishirini za adhabu kwa kosa la kuwa mgeni, na hakuna aliyeniomba radhi.

Nikazunguka kwa miguu, nikapita Mahakama Kuu yao na Maktaba ya Bunge, nikakata kulia kwenye barabara ya Independence. Bendera zote zilikuwa nusu mlingoti, kwa kuwa ilikuwa siku ya pili tu tangu mabomu yalipuke kwenye mbio za Boston, na wiki hiyo hiyo zilipatikana barua zenye sumu zilizoandikiwa Rais na seneta mmoja. Askari walikuwa wengi kuliko watalii. Mlangoni Rayburn nilivua mkanda, saa na koti, nikatoa mfukoni hata kitana, na bado mashine ililia. Sababu ilikuwa pini ya chuma katika soli ya kiatu cha harusi.

Ghorofani, nje ya chumba namba 2172, ndipo safari yangu yote ya Marekani ilipoanzia, na kwa kweli ndipo ilipoishia, kwa maana mengine niliyoyaona mji ule nimeyasahau.

Kulikuwa na foleni iliyoegemea ukuta wa marumaru, ya watu kama thelathini. Vikao hivi viko wazi kwa kila mtu na havina kiingilio. Raia, mgeni, hata mpita njia anaweza kuingia, mradi kiti kipo. Nilihesabu vichwa, nikajipa moyo. Nikajikuta nyuma ya mzee mmoja Mmarekani mweusi, wa umri kama wangu, aliyekaa kwenye kigoda cha kukunja akisoma gazeti la bure, amejifunga skafu shingoni ingawa nje maua ya micheri yalikuwa yanapukutika na jua limeshapata nguvu. Aliniita kaka. Aliniuliza ninamshikia nani nafasi. Nilidhani sikumsikia vizuri, akarudia: unamshikia nani? Nikasema ninajishikia mwenyewe. Alicheka mpaka mtu wa mbele yake akageuka.

Ndipo akanieleza kazi yake. Yeye na wengi waliokuwa mbele yetu walifika alfajiri, kabla milango haijafunguliwa, kwa niaba ya watu ambao muda huo walikuwa bado wanakunywa kahawa makwao. Kuna kampuni zinazopokea oda: fulani anataka kiti kwenye kikao fulani. Kampuni inamtuma mtu kusimama, na mteja anakuja dakika za mwisho kuchukua nafasi. Mzee hulipwa kwa saa, na mteja huilipa kampuni zaidi ya mara mbili ya fedha hiyo. Hakulalamika. Alisema vikao vya kodi na vya dawa za hospitali ndivyo vyenye hela, kwa sababu mawakili wa makampuni hawataki kukosa hata neno. Vya Mashariki ya Kati, akasema, hujaa watu wanaosimama wenyewe. Lakini waziri akija, oda zinakuja.

Nikamwambia kazi hiyo kwetu ipo pia. Pale stendi ya Arusha wapiga debe huweka vijana ndani ya Hiace ili lionekane limejaa. Wewe unaingia kwa haraka ukidhani gari linaondoka, kisha vijana wanashuka mmoja mmoja kwa mlango ule ule, na unabaki peke yako na konda. Alitaka nirudie mara mbili. Alipoelewa, alisema tofauti ni kwamba hapa gari huondoka kweli, ila wewe ndiye unayebaki stendi.

Na ikawa hivyo. Ilipokaribia saa ya kufungua, watu wenye suti nyembamba na simu mbili mbili walianza kutokea mwisho wa ukumbi. Kila mmoja alimtafuta mtu wake kwa macho, akamgusa bega, wakapishana bila salamu. Mbele yangu foleni haikusogea hata hatua moja, lakini ilibadilika yote. Makoti mazito yaliondoka, yakaja manukato. Mzee wangu alikunja kigoda, akanipa gazeti, na mahali pake akasimama kijana ambaye hakunitazama mpaka tunaachana. Mlango ulipofunguliwa waliingia wafanyakazi wa kamati, waandishi, watu wa ubalozi huu na ule, kisha sehemu ya foleni, kisha askari akanyoosha mkono kifuani pangu. Viti vimeisha. Atoke mmoja, aingie mmoja.

Nilisimama mlangoni zaidi ya saa nzima. Miguu ilivimba ndani ya viatu vya harusi. Mezani pembeni ya mlango palikuwa na nakala za maelezo ya waziri yaliyoandikwa, nikachukua moja ili macho yapate kazi. Naomba msomaji anielewe: katika maisha yangu nimetoa nakala nyingi kuliko nilivyokula ugali. Tangu mwaka 1998 hadi 2000 nilikuwa karani wa nyaraka katika Kituo cha Mikutano cha Arusha, wakati wa mazungumzo ya amani ya Burundi, na karatasi ya mkutano naijua kwa kuigusa. Karatasi ile ilikuwa safi mno. Haikuwa na mabano.

Arusha mabano ndiyo yaliyokuwa amani yenyewe. Kila sentensi ambayo upande mmoja haukuikubali iliwekwa ndani ya mabano ya mraba, na usiku sisi makarani tulichapa upya rasimu nzima kwa sababu bano moja limeondoka ukurasa wa kumi, mengine mawili yameingia ukurasa wa thelathini. Tulijua hali ya mazungumzo kabla ya waandishi wa habari, kwa kuhesabu mabano tu. Nilipogeuza kurasa za Kerry nikagundua jambo ambalo lilipaswa kunijia mapema: kikao nilichokivukia bahari hakikuitishwa kuzungumzia amani. Kilikuwa cha bajeti. Waziri alikuja kuomba fedha za wizara yake za mwaka 2014, na Waisraeli na Wapalestina walikuwa humo kama walivyokuwa Syria, Korea Kaskazini na wengine wote.

Mwishoni alitoka bwana mmoja mwenye simu sikioni, nikaingia, nikakaa kiti cha nyuma kabisa chenye joto lake.

Wajumbe wanakaa juu, kwa ngazi ngazi kama kwaya, na shahidi yuko chini peke yake kwenye meza, amewapa mgongo watazamaji. Kwa hiyo nilichokiona cha John Kerry ni kisogo na nywele zake nyingi zenye mvi. Kila mjumbe ana dakika tano, za swali na jibu kwa pamoja. Taa ya kijani ikiwaka anazungumza, ya njano inamwonya, nyekundu amekwisha. Kamati ile ina wajumbe zaidi ya 40. Mtu akizidisha anapata saa tatu na ushee, na waziri hana saa hizo, kwa hiyo wale wa safu ya chini, walioingia Bungeni karibuni, hukaa asubuhi nzima wakingoja zamu ambayo huenda isifike. Mmoja aliuliza kwa hasira habari za Benghazi, mji wa Libya ambako balozi wao aliuawa mwaka 2012. Wapo waliotumia dakika nne kueleza msimamo wao na kumwachia waziri dakika moja ya kujibu.

Katikati ya hayo likatoka neno. Kerry alikuwa ametoka Jerusalem na Ramallah mapema mwezi ule, na alikuwa na miezi miwili na nusu tu katika uwaziri. Alisema dirisha la suluhisho la mataifa mawili, Israel na Palestina kila moja na nchi yake, linafungwa, na kwamba kwa maoni yake umebaki muda wa mwaka mmoja, mwaka na nusu, au miaka miwili, baada ya hapo basi. Aliyasema kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza bajeti. Nilitazama kushoto na kulia nione kama kuna aliyeshtuka. Kijana aliyechukua nafasi ya mzee wa kigoda alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu.

Nikakumbuka kisa cha kamati hiyo hiyo, cha mwezi Juni 1990, ambacho watu wa kazi za mikutano hupenda kusimuliana. James Baker, waziri wa wakati huo, akiwa amechoshwa na masharti ya serikali mpya ya Israel, aliitaja mbele ya wajumbe namba ya simu ya Ikulu ya Marekani, akasema mkiwa na nia ya kweli ya amani, tupigieni. Ndiyo faida ya vikao hivi. Waziri anamjibu mbunge wa jimbo la mbali, lakini anayeambiwa yuko Jerusalem au Ramallah, naye anasikia. Na mjumbe anayeuliza hana haja sana ya jibu, kwa kuwa mkononi ana fedha. Tangu mkataba wa Misri na Israel wa Machi 1979, nchi hizo mbili zimekuwa mstari wa kudumu wa bajeti. Katika maombi ya mwaka ule msaada wa kijeshi kwa Israel ulikuwa dola bilioni 3.1, kwa Misri bilioni 1.3. Hapo sikusikia ubishi mrefu.

Arusha hatukuwa na taa za kuhesabu dakika. Mwalimu Nyerere aliwaacha wajumbe wa Burundi waseme, wakati mwingine tangu chai ya asubuhi hadi jioni, na sisi mjini tukanung'unika kwamba wanazungumza kwa sababu ya posho. Alifariki Oktoba 1999 kabla ya kuona mwisho, akapokea Mandela, ambaye hakuwa na subira hiyo. Tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ulitiwa saini, na Rais Clinton akaja Arusha kushuhudia, mwezi mmoja tu na siku chache tangu mazungumzo yake na Barak wa Israel na Arafat wa Wapalestina pale Camp David yavunjike. Barabara zilifungwa, nami sikumwona, niliona vumbi la msafara. Nakala tulizotoa usiku ule bado zilikuwa na moto wa mashine zilipoingizwa ukumbini. Makundi mawili ya waasi yenye bunduki hayakuwamo, na vita viliendelea miaka kadhaa. Nimekuwa nikijiuliza kama Clinton, akitoka kwenye kile kilichomshinda, alituonea wivu au alituonea huruma.

Mgahawa wa jengo hilo uliniuzia mkate wenye vipande vya bata mzinga kwa dola tisa, na kwenye mashine ya kulipia zikaongezeka nyingine za kodi, maana huko bei iliyobandikwa siyo bei unayolipa. Nilikula nimevua viatu chini ya meza.

Mwezi Julai mwaka ule mazungumzo yalianza kweli, yakapewa miezi tisa. Tarehe 8 Aprili 2014, mimi na karani mwenzangu wa zamani tuliangalia kwenye kompyuta ya mjukuu wake, nyumbani kwake Kijenge, Kerry akihojiwa tena, safari hii na Seneti, ile ya jengo nililolikosea. Alieleza jinsi wafungwa wa Kipalestina walivyokosa kuachiwa siku iliyopangwa, na jinsi zilivyotangazwa nyumba 700 za walowezi Jerusalem, kisha akatoa mlio kwa midomo, puf, kama mtu anayezima kibatari. Mwenzangu alirudisha nyuma mara tatu asikie vizuri. Ni mtu wa maneno machache. Aliniuliza, siku ile niliyokuwa ndani, waziri alipotaja ile miaka miwili, taa ilikuwa rangi gani.

Nikamwambia nilikaa nyuma sana, lakini nadhani ilikuwa ya njano.