Kumbukumbu ya mradi: kompyuta iliyokuwa ikizima kila ikifika sekunde ya nne

Imewaka! Na safari hii imebaki imewaka. Naandika haya skrini ya BIOS, ile programu ya ubao inayoamka kwanza, ikiwa mbele yangu, joto la prosesa limetulia, vijiti vyote viwili vya ramu vinaonekana, na nusura niweke kibao cha "usiguse".

Kwa waliokosa mwanzo: mashine mpya kabisa, ubao mama wa AM5 (soketi ya prosesa za AMD), ramu ya DDR5 vijiti viwili kwenye nafasi za A2 na B2, kadi ya picha, pawasaplai ya kebo za kuchomoa. Hatua za kufunga sizirudii, mnazijua. Dalili ndiyo iliyonitoa jasho. Bonyeza kitufe, feni zinazunguka, taa ya DRAM kwenye ubao inawaka njano, halafu kap! Kimya. Hakuna picha, hakuna mlio. Subiri kidogo, bonyeza tena, mchezo uleule.

Taa ile ya DRAM ilinipeleka mbali sana. Ukiiona unakamata ramu, nani asingekamata? Kijiti kimoja A2, kikagoma. Cha pili, kikagoma. CMOS, kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS, nikaifuta. BIOS nikaiandika upya kwa flashi, ile njia ya kubonyeza kitufe cha nyuma bila kuwasha mashine. Kebo ya pini 8 ya prosesa nikaichomoa na kuichomeka hadi isikike "tik". Mwisho nikang'oa hata prosesa na kumulika soketi kwa tochi: pini 1718, hakuna iliyolala. Pasta ya joto ikapakwa upya, kipozeo kikarudi, taa ya DRAM ikarudi nayo.

Sasa, kwenye DDR5 kuna jambo linalofaa kusemwa kwa sauti. Mashine ikiwashwa mara ya kwanza, ubao huanza kuipima ramu na kutafuta mipangilio itakayoshikamana nayo, skrini ikiwa nyeusi tii, na kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa. Muda wote huo taa ya DRAM iko inawaka. Kwa hiyo taa hiyo haikuambii ramu ni mbovu, inakuambia kazi imefika hapo. Umeme ukikatwa katikati ya kipimo, mashine itafia kwenye DRAM kila mara, hata kama aliyeukata hajui ramu ni mdudu gani. Kubadilisha vijiti hapo ni sawa na kumng'oa mtu jino kwa kuwa alizirai akipiga mswaki.

Pawasaplai nayo ilipata zamu yake. Kipande cha waya kati ya pini 16 ya plagi kubwa ya ubao, ule waya wa kijani, na waya mweusi wowote wa jirani: feni ikazunguka. Tafadhali, kipimo hiki kisitukuzwe kupita kiasi. Kinathibitisha kwamba pawasaplai inakubali kuamka, basi. Vile vijaribio vyenye kioo kidogo vinavyoonyesha volti navyo sivipendi kwa sababu hiyohiyo: 12.1 bila mzigo si habari, habari ni volti inayobaki kadi ya picha inapoanza kuvuta. Multimita ya kawaida, mashine ikiwa na mzigo, laini ya volti 12 ikibaki kati ya 11.4 na 12.6, hapo tunaongea.

Nikatoa kila kitu kwenye kesi. Ubao juu ya boksi lake, prosesa, kipozeo, kijiti kimoja, picha kutoka kwenye prosesa yenyewe. Ncha ya bisibisi nikaigusisha kwenye pini mbili za PWR_SW, pale kitufe cha kuwashia huchomekwa. Feni, taa ya DRAM, weusi, weusi, weusi... picha! Nikaongeza kijiti cha pili, picha. Kadi ya picha, picha. Vifaa vyote vizima.

Nikavirudisha kwenye kesi. Kap.

Hapo nilikasirika vibaya. Ila kulikuwa na kitu kipya: safari hii taa ya DRAM ilipita, mashine ikafia kwenye VGA, taa ya kadi ya picha. Ramu ilishapimwa mezani, ubao ukakumbuka mipangilio, ukasonga mbele haraka zaidi. Ugonjwa umehama kutoka DRAM hadi VGA bila mimi kubadilisha chochote kwenye ramu wala kadi! Ndipo nilipoacha kuziamini taa zile.

Inayofanya kazi mezani ikagoma kwenye kesi, kila fundi atasema shoti. Nikahesabu vile vijinguzo vya shaba vinavyoinua ubao, kila kimoja kina tundu lake, hakuna cha ziada kinachogusa mgongo wa ubao. Bamba la nyuma halina ulimi ulioingia kwenye soketi za USB. Nikalegeza skrubu zote. Bado.

Kilichonisaidia ni simu. Niliirekodi video mashine ikiwaka na kuzima, nikaitazama polepole nikifuata saa ya video. Sekunde nne. Nikarekodi tena, sekunde nne. Bila kadi ya picha, sekunde nne. Shoti haina adabu hiyo. Pawasaplai ikiona shoti hukata papo hapo. Joto nalo halina saa kamili. Kitu kinachokata kwa sekunde nne zilezile, taa ikiwa popote, si hitilafu, ni kanuni inafuatwa. Na kanuni ya sekunde nne kwenye kompyuta tunaijua wote kwa kidole: mashine ikiganda, unashikilia kitufe cha kuwashia hadi izime.

Kanuni hiyo imo kwenye ACPI, kanuni za pamoja za kusimamia umeme wa kompyuta, tangu toleo la kwanza la Intel, Microsoft na Toshiba, mwaka 1996. Kwenye mashine za AT za zamani swichi ilikata umeme wenyewe. ATX, muundo mpya wa ubao na pawasaplai, ilipokuja mwaka 1995, kitufe kikawa cha kuomba tu: kinaushtua ubao, ubao ndio unaoishusha pini 16 na kuiamsha pawasaplai. Omba kwa muda mfupi, inawaka. Ng'ang'ania zaidi ya sekunde nne, inazima, hata kabla BIOS haijasema neno.

Basi kuna mtu ameshikilia kitufe, na mtu huyo si mimi.

Nikachomoa plagi ya PWR_SW, mashine ikiwa ndani ya kesi, skrubu zote zimekazwa, nikagusisha bisibisi. Picha. Nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Multimita kwenye kipimo cha mlio, ncha mbili kwenye nyaya za swichi. Paneli ya mbele ikiwa imeondolewa: bonyeza, piii, achia, kimya. Paneli ikiwa mahali pake: bonyeza, piii, achia, piiiiiii inaendelea, halafu yenyewe inanyamaza. Kijiti cha plastiki nyuma ya kitufe kinakwaruza ukingo wa tundu lake na kurudi kwa uvivu. Kesi mpya, nje ya boksi! Mtengenezaji ameweka kioo cha pembeni na feni za rangi saba, kitufe kurudi juu kikamshinda.

Dawa ya haraka: plagi ya riseti nikaichomeka kwenye PWR_SW. Swichi ni swichi, haina chanya wala hasi. Dawa ya kudumu ni tupa nyembamba kwenye ule ukingo, nimeanza, plastiki ni ngumu kuliko nilivyodhani.

Leo nilipanga kuwasha EXPO, mpangilio wa AMD wa kuharakisha ramu, niipeleke ramu kasi ya 6000, kisha kufunga nyaya. Sijafanya hata kimoja. Ile bisibisi imenipa wazo: kitufe cha majaribio cha kwangu mwenyewe, swichi ya springi, waya mrefu, plagi ya pini mbili, na kijitaa pembeni cha kuwaka muda wote swichi ikiwa imefunga. Kijitaa kitahitaji betri yake na swichi yenye jozi mbili za mguso, maana sitaki volti ngeni ipande kwenye pini za ubao. Swichi ya namna hiyo ninayo kwenye redio iliyokufa, tayari nimeifungua. EXPO itasubiri.