Nilivyozigawa lili za mama mkwe

Lili zilizo kando ya ngazi za nyumba yetu hapa Lushoto alizipanda mama mkwe. Ni zile zenye majani marefu kama mikanda na kichwa cha maua ya buluu juu ya bua. Wengine huziita lili za Nile, ingawa kwao hasa ni Afrika Kusini. Wataalamu huziita agapanthasi. Mama alipofariki nilibaki nazo mimi, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kumwagilia na kuondoa majani makavu tu.

Msimu mmoja zikatoa bua moja. Moja, pale ambapo zamani nilihesabu hadi kumi na tano! Nikadhani zina njaa, nikazimwagia debe zima la samadi. Mwaka uliofuata majani yakastawi ajabu, maua hakuna.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya bustani maisha yake yote, alipita akainama, akajaribu kupenyeza vidole katikati ya mashina. Havikufika kwenye udongo.

"Mwanangu, hizi hazina njaa," akaniambia. "Zimebanana. Zing'oe, uzigawe."

"Haya, babu," nilimjibu, lakini moyo ulikataa. Niliona kama nataka kuharibu kazi ya mikono ya Mama. Jioni nikamweleza mume wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona Mama mwenyewe aligawiwa? Alikuja nazo kwenye kopo kutoka kwa rafiki yake." Hapo nikapata nguvu.

Nilisubiri mwisho wa Februari, masika yakiwa yanakaribia, ili mvua inisaidie kumwagilia. Siku moja kabla nililowesha udongo vizuri. Jembe halikufua dafu; ilibidi kijana wangu alete sururu, tukachimba kuzunguka shina, shubiri moja kutoka kwenye majani, mpaka likaachia. Lilikuwa zito, tulilibeba wawili. Chini yake udongo ulikuwa haba: mizizi mitupu, myeupe, minene kama vidole vya mtoto, imesukana kama ukili. Na katikati, ndani kabisa, nikakuta ukingo wa kopo ulioliwa na kutu. Mama alikuwa amelitoboa chini akalifukia na mche wake, mizizi ikalipasua. Nilikiosha kile kipande, ninacho mpaka leo.

Panga liliteleza, kwa hiyo nilitumia msumeno wa zamani wa mbao. Ukikata, utaumiza mizizi, hilo haliepukiki. Muhimu kila kipande kibaki na machipukizi mawili au matatu na mizizi yake ya kutosha. Vaa glavu, utomvu wake unawasha. Majani niliyapunguza nusu ili mmea usipoteze maji mengi wakati mizizi haijashika. Vipande nikavilaza kivulini hadi kesho yake, majeraha yakakauka.

Kutoka mashina matatu nilipata vipande 37. Kando ya ngazi nilirudisha vichache, kwa nafasi ya sentimita 40, kina kilekile cha awali, nikaacha ule upande ambao mpera umeshaufunika kwa kivuli, maana lili hizi zinataka jua. Vingi nilivipanda ukingoni mwa matuta, kule mvua ilikokuwa inatuchukulia udongo kila mwaka. Mizizi ile niliyohangaika nayo kwa sururu sasa inashikilia ukingo, na mwaka huu haukumomonyoka. Viwili nilimpa wifi yangu wa Soni.

Mwaka wa kwanza hazikutoa ua hata moja. Niseme kweli, iliniuma, na mara mbili nilikaribia kuchukua debe la samadi. Babu akanizuia: ziache zijenge mizizi kwanza. Nikaziacha, nikawa nang'oa magugu tu.

Mwaka wa pili, asubuhi moja nikiwa nafagia, nikaona katikati ya majani kitu kama ncha ya kidole, cha kijani, kimefungwa kwenye ngozi nyembamba. Kesho yake vikawa vitatu. Kufikia mwisho wa msimu nilikuwa nimehesabu mabua 22, bila yale ya vile vipande vyenye chipukizi moja nilivyovikata kwa pupa, ambavyo vilichanua mwaka uliofuata.

Wifi naye alipiga simu kutoka Soni. Zake zimechanua zote mbili, na amezipanda mlangoni.