Swichi tatu, faiba mbili na Mbeya yenye baridi

Saa 12 asubuhi. Julai ya Mbeya haina huruma. Maji ya bomba yanauma meno na Loleza umejifunika ukungu hadi kiunoni. Navaa sweta, juu yake koti. Leo nina kazi niliyoikwepa mwezi mzima: kufuta njia nilizoandika kwa mkono kwenye swichi (mitambo inayounganisha kompyuta na kuelekeza data) za kampuni ya pembejeo ninayoihudumia, badala yake niweke RIP, itifaki inayozifanya swichi zifundishane njia zenyewe.

Kampuni ina ofisi kuu Soweto, ghala Iyunga na duka Uyole. Wiki ijayo wanafungua Tukuyu. Kwa mtindo wa mkono, kila tawi jipya linanilazimu kuingia kwenye kila swichi na kuiambia mtandao mpya uko upande gani. Tulipofungua Uyole nilisahau swichi ya Iyunga, na mtunza ghala akawa anasoma hesabu ya mifuko ya mbolea kwa simu siku mbili. Sikutaka kurudia aibu hiyo.

Saa 2. Supu na chapati mbili, kisha chumba cha swichi. Kijana wa fildi keshafika.

“Shikamoo kaka. Mbona RIP? Chuoni wametuambia ya kizamani.”

Ni kweli, maelezo yake rasmi yalitoka 1988. Kila sekunde 30 swichi inawatangazia jirani zake mitandao yote inayoijua. Inapima umbali kwa idadi ya vituo tu, bila kujali kasi ya kebo, na kituo cha 16 inakihesabu kuwa hakifikiki. OSPF, itifaki nyingine ya kazi hiyohiyo, ina akili zaidi, lakini leseni iliyomo kwenye swichi zetu inaishia RIP, na sisi tuna matawi matatu yanayokwenda manne. Gari la kwenda sokoni si lazima liwe lori.

Nikaandika mistari yangu: `router rip`, `version 2`, kisha mitandao inayoshiriki, yaani 10.0.0.0 ya watumiaji na 192.168.100.0 ya faiba. Upande wa kompyuta za wafanyakazi nikaufunga usitoe matangazo. Mhasibu hana haja ya kupigiwa kelele kila nusu dakika.

Saa 3 na nusu, Iyunga. Saa 5, Uyole, baada ya kusota nyuma ya malori barabara kuu. Huko nakwenda mwenyewe na kebo ya konsoli, ya kuchomeka laptopu moja kwa moja kwenye swichi, maana ukikosea ukiwa mbali unajifungia mlango. Dukani Uyole swichi inakaa juu ya kabati la mbegu, na soketi yake ina karatasi niliyoandika USIZIME kwa wino mwekundu. Mzee mwenye funguo ananipokea kwa ukarimu wote, ila najua jioni akifunga anazima umeme wote ukutani, karatasi au bila karatasi.

Njia za zamani niliziacha kwanza. Zile za mkono zina uzito 1 na za RIP zina 120, na mwenye namba ndogo ndiye anayesikilizwa, kwa hiyo hakuna aliyehisi mabadiliko.

Saa 7 mchana, nimerudi Soweto. Nikatazama jedwali la njia na kuona 10.0.0.0/8, yaani anwani zote zinazoanza na 10, imekuja kutoka Iyunga, na 10.0.0.0/8 nyingine kutoka Uyole. Niliiona kwa macho yangu haya. Nikasema zitajipanga, nikafuta njia za mkono.

Dakika mbili hazikuisha, dada wa mauzo akaita kwamba Uyole haipatikani. Mama wa hesabu, meza ya pili tu, akajibu, “Mbona kwangu inafunguka? Mwanangu, umegusa nini?” Muda kidogo tena, yeye ndiye haioni Iyunga.

Tatizo la namna hiyo linaudhi kuliko kukatika kabisa. Nikafuatilia safari ya pakiti, kifurushi cha data, ya kwenda Uyole: Soweto, Iyunga, Soweto, Iyunga, danadana mpaka inakufa. Hapo nikajipiga paji la uso. Ghala ni 10.2, duka ni 10.3, na kati yao na ofisi kuu kuna faiba zenye anwani za ukoo mwingine. RIP kwenye Cisco ikivuka mpaka wa ukoo, kwa kawaida yake inafupisha. Iyunga haikusema “nina 10.2”, ilisema “nina 10 yote”. Uyole nayo ikadai hivyo hivyo. Swichi ya ofisi kuu ikawaamini wote wawili na kuwagawia wateja, huyu huku, yule kule.

Dawa yake ni mstari mmoja, `no auto-summary`, yaani usifupishe, kwenye swichi zote tatu. Matawi niliyafikia kwa anwani za faiba zenyewe, ambazo ofisi kuu inazijua bila kuambiwa. Nikafagia jedwali la njia, nikangoja. Ikatokea 10.2.0.0/16 kwa Iyunga, kisha 10.3.0.0/16 kwa Uyole, kila mmoja kwake. Nikafuta na njia za mkono za matawini.

“Imerudi!” dada wa mauzo.

“Ndaga fijo,” asante sana kwa Kinyakyusa, mama wa hesabu, bila kuinua macho. Nikaenda kula wali na ndizi zilizopoa.

Saa 9. Swichi ya Tukuyu mezani. Kijana anashangaa kwa nini haipitishi kitu. Nikamwacha ahangaike robo saa kabla ya kumwonyesha `ip routing`. Swichi mpya haielekezi pakiti mpaka uiamuru.

Saa 11 na dakika 40 jioni, niko kwenye bajaji Mwanjelwa, ndipo moyo ukanidunda. Iyunga nilihifadhi. Uyole sikuhifadhi hata mstari mmoja, umeme ukizimwa yote yanafutika, na duka linafungwa saa 12. Nikampigia mzee.

“Shikamoo. Usizime kwanza, tafadhali.”

“Marahaba. Nimeshika swichi ya ukutani hapa, kijana wangu.”

Nikashuka, nikakaa kwenye benchi la muuza mahindi ya kuchoma, laptopu magotini, intaneti ya simu. Nikaingia ofisi kuu, kutoka hapo nikaingia Uyole kwa njia ileile ya RIP. `write memory`, amri ya kuhifadhi. Ikajibu OK.

“Zima sasa, mzee.”

“Nilishazima taa, hii nyingine nakungoja wewe.”