Meza!

Mwanangu kaamka na homa leo. Nikampa kidonge na maji, nikamwambia, "Meza."

Akaitazama meza. Akakiweka kidonge pale juu, taratibu, katikati kabisa, kisha akanitazama kama anayesubiri kusifiwa.

Nimecheka hadi maji yakamwagika. Masikini, hakukosea!

Alipolala nikabaki na neno lenyewe. Kumeza ni Kibantu chetu cha asili. Meza hii ya kulia chakula ni ya Wareno, wao huandika mesa. Walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, wakatuachia pia leso na bendera.

Na gereza! Kwao igreja ni kanisa. Hapo ndipo nimekwama mpaka sasa.

Nyumbani kwenu neno gani limewahi kuwachanganya watoto?