Spider-Man wawili kwenye grupu la familia

Umeme umekata jioni hii. Swali likatua kwenye grupu: zamu ya nani kununua LUKU?

Kaka akanitaja mimi. Mimi nikamtaja kaka.

Mara mama mdogo, ambaye kazi yake ni kutuma maua ya "asubuhi njema", akatupia stika: Spider-Man wawili wananyoosheana vidole.

Nimecheka gizani peke yangu 😂

Mnajua picha ile ni ya katuni ya mwaka 1967? Mhalifu kajifanya Spider-Man, wakakutana wawili sare sare.
Mchoro wenyewe wa kizamani, rangi bapa, miili imekakamaa. Raha yake ndiyo hiyo hiyo! Mwaka 2022 ikatoka picha ya waigizaji watatu wa Spider-Man wakiwa kwenye pozi lile lile.

LUKU kanunua baba.

Kwenu fundi wa stika ni nani? Tupieni hapa.