Windows na Ubuntu katika kompyuta moja

Anayetaka kuweka Windows na Ubuntu, mifumo miwili ya kuendesha kompyuta, katika kompyuta moja namshauri aanze na Windows, kwa kuwa ikiwekwa baadaye hujipa nafasi ya kwanza ya kuwaka bila kujali mfumo ulioitangulia, ilhali Ubuntu huja na GRUB, programu inayokuuliza kila uwashapo mashine unataka kuingia mfumo upi. Kabla ya kugusa diski, nakili mafaili yako mahali pengine, hifadhi ufunguo wa BitLocker (kinga ya Windows inayofunga data za diski), kisha punguza sehemu ya diski inayotumiwa na Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe. Gigabaiti 50 zinaitosha Ubuntu kuanzia. Zima pia uwashaji wa haraka wa Windows (Fast Startup), maana ukiuacha Windows haizimiki kabisa, na Ubuntu huweza kukataa kuandika kwenye sehemu ya diski ya Windows.

Linalowashangaza wengi ni saa. Windows huichukulia saa ya mashine kuwa ya mahali ulipo, Ubuntu huihesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu. Kwa hiyo hapa Afrika Mashariki, ukitoka Ubuntu na kuingia Windows, unakuta saa imerudi nyuma kwa saa 3. Mimi hutumia amri moja tu upande wa Ubuntu, inayoifanya nayo ihesabu saa ya mashine kuwa ya mahali ulipo, nayo hulimaliza tatizo: timedatectl set-local-rtc 1.