Siku Yangu ya Ofu Charterhall

Mwenzangu wa zamu, Mkenya wa Voi, aliponiuliza ofu yangu nitaitumiaje nikamwambia nakwenda kutazama kiwanja cha ndege cha zamani cha Charterhall, alicheka mpaka akashika meza. "Dada, na baridi hii ya Januari? Si ulale tu!" Tulikuwa tumetoka naiti nne mfululizo. Alikuwa na haki ya kucheka.

Lakini safari hii ilianzia mbali. Mimi ni mtu wa Rombo. Kwetu jina la AMREF, shirika la afya, analijua hata bibi asiyesoma, ila wachache wanajua kuwa wazo lenyewe lilizaliwa chini ya Kilimanjaro mwaka 1956, kwa madaktari watatu wa upasuaji: Michael Wood, Tom Rees na Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa na shamba upande wetu. Mwaka uliofuata ikaanzishwa huduma ya madaktari wa kuwafuata wagonjwa porini kwa ndege. Nilipopangiwa wodi ya majeraha ya moto huku Edinburgh nikakutana tena na jina la McIndoe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika hospitali ya East Grinstead, kusini mwa Uingereza, ndiye aliyewarudishia sura marubani walioungua. Wagonjwa wake walijiita Klabu ya Simbilisi, yaani wanyama wa majaribio, na vita vilipokwisha walikuwa 649. Mmoja wao ndiye aliyenitoa kitandani.

Treni ya kwenda Berwick-upon-Tweed hupita ukingoni mwa bahari, bahari ya kijivu isiyomkaribisha mtu. Nikasinzia, nikaamshwa na kondakta. Kutoka Berwick nikapanda basi la Duns, mji mdogo unaojivunia Jim Clark, bingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka 1963 na 1965. Makumbusho yake yapo hapo, na dereva wa teksi alidhani ndiyo niliyoijia. Nilipomwambia Charterhall akachangamka: Clark alikimbiza magari hukohuko, maana vita vilipokwisha njia za ndege ziligeuzwa uwanja wa mashindano. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Hillary. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ah, yule kijana."

Richard Hillary alizaliwa Sydney mwaka 1919, akasoma Oxford, akawa rubani wa ndege ya kivita ya Spitfire. Tarehe 3 Septemba 1940 ndege yake ilishika moto juu ya bahari. Aliokolewa na boti ya waokoaji ya Margate, uso na mikono vikiwa vimeungua vibaya. Hakuwa amevaa glavu. Sisi wa wodi ya moto tukisikia hivyo tunatazamana tu. Mikono yake ikapakwa tanini, kemikali ileile inayotolewa kwenye magome ya miwati kule Njombe kwa ajili ya kulainisha ngozi za ng'ombe. Ndiyo iliyokuwa tiba ya siku hizo: jeraha linakauka na kuwa gamba, vidole vinajikunja chini yake. McIndoe aliipiga vita. Alikuwa ameona marubani walioangukia baharini wanapona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu, akaanza kuwalaza wagonjwa kwenye mabafu ya maji ya chumvi. Alimtengenezea Hillary kope mpya na mdomo wa juu. Vidole havikurudi kama zamani.

Mtu wa namna hiyo angekaa ofisini, wala hakuna ambaye angemcheka. Tayari alikuwa ameandika kitabu kilichompa jina. Yeye akawasumbua wakubwa mpaka wakamruhusu arudi angani, na hapa ndipo ninapowakasirikia, hata kama si zamu yangu. Novemba 1942 akaletwa Charterhall, kwenye kituo cha mafunzo cha marubani wa ndege za kivita za usiku. Alikabidhiwa Blenheim, ndege ya injini mbili yenye usukani mzito, aiongoze gizani, juu ya nchi iliyozimwa taa zote kwa hofu ya mabomu. Askari wenyewe walikiita kituo kile kwa jina la utani: Machinjioni.

Teksi ikanishusha kando ya barabara, palipo na jiwe la kumbukumbu lililowekwa mwaka 2001. Kulia na kushoto mashamba, kusini vilima vya Cheviot vina theluji juu. Vipande vya lami ya zamani bado vinaonekana, nyasi zimepenya kwenye nyufa. Nilitegemea kusikia kitu moyoni. Nilichosikia ni upepo tu na kunguru.

Usiku wa tarehe 8 Januari 1943, baada ya saa saba, ndege yake ilikuwa ikizunguka taa ya ishara iliyokuwa ikiwaka na kuzima ardhini. Ikashuka, ikashuka, ikapiga ardhi karibu na shamba moja hapo jirani. Alikuwa na miaka 23. Hakuwahi kwenda hata doria moja ya usiku dhidi ya adui. Mafunzo ndiyo yaliyommaliza.

Nikasoma jina la pili pale kwenye jiwe: Wilfred Fison, mwongoza njia wake. Nilikuwa nimelipita jina hilo mara nyingi katika kusoma kwangu, kama unavyompita jirani mlangoni kwa kuwa unamfuata mwenye nyumba. Sajini Fison hakuungua 1940, hakuandika kitabu, wala hakuwasumbua wakubwa. Alipangiwa ndege, akapanda, akakaa nyuma ya mikono ile. Je, aliitazama wakati wa kula pale mesi, ikihangaika na kisu na uma? Mimi ningeitazama. Na bado asubuhi yake ukipangiwa zamu na mwenzako, unakwenda.

Nikavua glavu nipige picha, picha tatu tu, moja ya jina la Fison peke yake. Nilipomaliza vidole havikutii. Zipu ya koti ilikuwa imefunguka, nikaihangaikia, ikanishinda. Saa tisa na nusu jua lilikuwa limeshalala juu ya miti. Teksi ikarudi, dereva akashuka, mzee wa umri wa baba yangu, akaniona ninavyohangaika. Hakuuliza. Akaniinamia, akashika zipu, akaivuta mpaka kidevuni kama unavyomfunga mtoto wa shule.

"Twende mama," akasema, "basi la mwisho halikungoji."